Pasipoti Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Februari

Daktari wa zahanati kaniambia ninunue daftari, niandike kila ninachokula na saa tumbo linapoanza kuniuma, msimu mzima, halafu nimpelekee. Haya, nimenunua. Asubuhi chai na vipande viwili vya mkate. Saa nne tumbo limeanza. Mchana wali na maharage. Saa tisa limeanza tena.

Hakuniuliza nafanya kazi gani. Mimi ni karani wa utumishi kwenye banda la kufungashia zabibu. Leo mavuno yameanza, na mkanda wa kupitishia zabibu umeanza kuzunguka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Tuna wafungashaji mia mbili wa hapa hapa, wanaokuja na kurudi makwao, na wageni thelathini na nane, wote wanawake, walioletwa na Wakala kutoka ng'ambo ya mpaka. Hao wanalala kwenye bweni nyuma ya banda. Mume wangu ndiye fundi wa vyumba vya baridi. Kazini wanamwita Barafu. Mimi namwita Baba Pacha, naye ananiita Mama Pacha, isipokuwa akikasirika. Hapo ananiita "wewe".

Jumatano, 5 Februari

Chai, yai. Joto la kukaangia.

Limekuja dodoso kutoka kwa Mnunuzi. Ndivyo tunavyoiita ile kampuni kubwa yenye maduka kila mji, maana inachukua karibu zabibu zetu zote. Maswali sitini na nne, na juu kabisa kwa herufi nene: hatari za utumwa wa kisasa kwa wanaotuuzia bidhaa. Nilidhani wamekosea anwani. Utumwa? Sisi tuna feni, tuna vyoo vya kuvuta maji, tuna kikombe cha maziwa kila Ijumaa.

Swali la kumi na tisa liliuliza kama tunashikilia hati za wafanyakazi. Nikaenda kwa Meneja. Alikuwa anamenya chungwa juu ya gazeti.

"Pasipoti za wageni ziko kabatini kwangu," nikamwambia. "Niandikeje?"

"Tunazishikilia?"

"Ziko kabatini, Mzee. Nimezifungia."

"Hizo tunawatunzia. Kule bweni zingeliwa na panya. Andika Hapana."

Nikaandika Hapana. Maswali yote sitini na nne nimeyamaliza kabla ya saa kumi jioni. Sijui kwa nini nimeenda kulitikisa lile kabati mara tatu kuona kama limefungwa.

Alhamisi, 6 Februari

Mkate, chai. Tumbo saa nne, saa sita, saa tisa.

Jumatatu, 10 Februari

Leo dirishani kwangu kaja mmoja wa wale wageni, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Wenzake wanamwita Mwalimu kwa sababu kwao alikuwa akifundisha watoto wa chekechea mpaka shule ilipofungwa. Nimemjua tangu mwaka jana. Ndiye anayewasomea wenzake barua na maandishi ya kwenye dawa.

"Dada, shikamoo. Mama yangu kalazwa. Nilikuwa naomba pasipoti yangu niende wiki moja tu, nirudi."

Nikamwambia si mimi ninayeamua. Akasema anajua, ndiyo maana ananiomba mimi nimwombee. Nikaenda kwa Meneja. Meneja akasema Wakala ndiye mwenye watu wake, aulizwe yeye. Nikampigia Wakala. Huyu bwana ukizungumza naye kwa simu unasikia mpaka manukato yake.

"Amesaini kukaa msimu mzima," akasema. "Mwambie mama zao wote huwa wanaugua mwezi wa pili."

Nikarudi dirishani. Nikamwambia Mwalimu, "Subiri kidogo, tunalishughulikia."

Akanishukuru.

Ijumaa, 14 Februari

Maziwa. Yamenikataa. Baba Pacha anasema tumbo langu lina wivu, halitaki kuona wenzake wakifanya kazi.

Jumatatu, 17 Februari

Mwalimu kaja tena saa nne, wakati wa mapumziko, kofia ya wavu bado kichwani. "Dada, kuna jibu?" Nikamwambia bado. "Mama anauliza kila siku." Nikamwambia asubiri.

Nimeingia kwa Meneja mara ya pili. Akasema, "Mama Pacha, ukimpa mmoja, kesho watakuja thelathini na saba. Nani atafungasha? Wewe?" Alisema huku akicheka, nami nikacheka. Huyu mzee si mtu mbaya. Nilipopata uchungu wa pacha wangu na gari la wagonjwa likachelewa, ndiye aliyenikimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, na viti akaviosha mwenyewe. Nayaandika haya ili nisisahau.

Jumatano, 19 Februari

Joto. Zabibu zinaiva zote kwa pamoja, kama zimeambizana. Zamu imeongezwa saa mbili.

Jumatatu, 24 Februari

"Dada, kuna jibu?"

"Bado, Mwalimu."

Safari hii hakuuliza zaidi. Alikuwa na kidonda cha mkasi kwenye kidole gumba, amekifunga kwa utepe wa katoni. Nikamtolea plasta kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nikajisikia nimefanya jambo kubwa. Mara ya tatu nimeingia kwa Meneja, nikatoka na sentensi ile ile.

Kuanzia mchana siwezi kutulia kitini. Nimepanga upya mafaili ya miaka mitatu bila kuagizwa na mtu.

Jumatatu, 3 Machi

Mnunuzi anatuma mkaguzi keshokutwa. Tumearifiwa wiki mbili kabla, kwa hiyo banda linanukia rangi mpya. Meneja kanipa kazi mbili. Ya kwanza: nichape fomu ya kila mgeni kusema kwamba yeye mwenyewe, kwa hiari yake, ameomba ofisi imtunzie pasipoti, na tarehe iwe ya mwezi wa kwanza, siku waliyofika. Nikachapa. Thelathini na nane. Ya pili: niwafundishe majibu.

Nimewakusanya bwenini saa sita. Vitanda vya ghorofa, kamba za nguo, mlango mmoja. Nikawasomea: mkiulizwa mlilipa chochote kupata kazi hii, jibuni hapana. Mkiulizwa pasipoti, jibuni iko salama. Mkiulizwa kama mnaweza kuondoka mkitaka, jibuni ndiyo.

Mmoja akacheka. Wengine wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akaniuliza kwa ile sauti ya darasani, "Dada, hilo la tatu ni jibu au ni swali?"

Nikajifanya sijasikia. Wakasaini mmoja mmoja. Mwalimu alisaini wa mwisho, kisha akasema, "Leo sikuja dirishani kwa sababu umekuja wewe. Kuna jibu?"

Mara ya nne nikaingia kwa Meneja. Hakuinua hata macho.

Jumatano, 5 Machi

Mkaguzi ni kijana mwenye viatu vyeupe, na alitumia asubuhi nzima kuvikinga visiguse maji. Alikuwa na kishikwambi, akawa anagusa, anagusa. Alipiga picha milango ya dharura. Alihesabu vyoo. Aliongea na wageni sita, ndani ya ofisi yangu, mimi nimekaa hapo kama mkalimani, ingawa wanaongea lugha ninayoongea mimi na anayoongea yeye, ila lafudhi tu. Wote sita walisema iko salama, iko salama. Hata mtu asiyesikia lugha angetambua wimbo.

Nilimwonyesha zile fomu. Akasema, "Kumbukumbu zenu ni nzuri sana."

Kosa moja tu katukuta nalo: mtungi wa kuzimia moto umepitwa na muda. Akatuachia bango lenye namba ya simu ya bure, mfanyakazi yeyote mwenye shida apige, jina lake litahifadhiwa. Meneja kaagiza libandikwe kwenye korido ya kwenda ofisini kwake, mahali ambapo mfungashaji hapiti ila akiitwa kufukuzwa.

Jioni Meneja katununulia soda sote. Sikuinywa yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Chai. Tumbo siku nzima, bila ratiba.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu hakuja dirishani.

Saa nne ilipita. Nikasimama mlangoni. Nikajiambia labda mkanda haujasimama. Ulikuwa umesimama, niliwaona wenzake kwenye benchi. Saa nne na nusu nikashindwa, nikaenda mwenyewe mpaka ndani ya banda. Alikuwa peke yake mahali pake, anakata mashina ya zabibu na kuzipanga kwenye kasha, wakati wengine wote wamepumzika.

"Mwalimu, mbona leo hukuja?"

"Mama kafariki juzi, dada. Jana wamemzika." Akapanga kichala kingine. "Kwa hiyo hakuna haraka tena."

Nikasema pole. Nikasema pole sana. Nikasema nyingine ambazo sizikumbuki. Yeye akaendelea kukata. Nikatia mkono mfukoni, na humo ndimo ulimokuwa ufunguo.

Jumatano, 12 Machi

Sikulala vizuri siku mbili. Leo mchana, Meneja alipokwenda benki, nikamwita Mwalimu ofisini kama vile kuna karatasi ya kusaini. Nikafungua kabati. Nikampa pasipoti yake.

Hakuipokea mara moja. Akaangalia zile nyingine kwenye kisanduku, zimefungwa kwa mpira kumi kumi.

"Na wenzangu?"

"Mwalimu, naomba uchukue hii uende."

"Nimekuuliza na wenzangu."

"Siwezi zote. Hii moja naweza kusema imepotea."

Akaichukua, akaitia kifuani. Akatokea kwenye korido, na mbele ya lile bango akasimama, midomo ikimchezacheza, kama mtoto anayekariri. Halafu akaenda zake. Mlinzi wa geti alidhani nimemtuma dukani.

Nimekula chakula chote cha mchana. Tumbo halijaniuma. Nimejiona mtu wa maana.

Ijumaa, 14 Machi

Wakala kaja saa mbili asubuhi na kufuli mbili mpya.

Bweni sasa litafungwa kila zamu inapoisha mpaka inapoanza nyingine. Amewanyang'anya simu zote, kaziweka kwenye ndoo, kaondoka na ndoo. Kawaambia kazi ya aliyetoroka watajigawia wao, bila nyongeza. Thelathini na saba wamelipia wema wangu, na mimi nilikuwa nimesimama pale na orodha mkononi, nawaita, wanaitika.

Meneja alinitazama tu. "Imepotea, eh?" akasema. "Kabati lina ufunguo mmoja, Mama Pacha." Ningependa angepiga kelele.

Nikamwambia Baba Pacha njiani tukirudi. Akasimama katikati ya barabara. "Wewe," akasema, "unajua pacha wana mtihani mwaka huu? Unajua banda la jirani lilikwendaje?"

Najua. Mwaka juzi Mnunuzi aligundua mambo kwenye banda la jirani, akakata mkataba siku ile ile. Wiki mbili baadaye geti likawa na mnyororo. Wageni wa pale walipakiwa kwenye lori wakiwa na nguo walizovaa. Wafungashaji wa hapa hapa, jirani zetu, mpaka leo wengine hawajapata kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna aliyekuja dirishani. Nimelifungua na kulifunga mara nyingi.

Alhamisi, 20 Machi

Mawingu. Meneja anatoka nje kila robo saa kuangalia juu. Mvua ikinyesha kabla shamba la juu halijavunwa, zabibu zitapasuka zote.

Jumapili, 23 Machi

Mvua.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya siku tatu. Hakuna mavuno, mkanda umesimama, wageni wamefungiwa bwenini. Zabibu zinapasuka, nyuki wamejaa bandani.

Saa tano kafika mwanamke wa makamo, peke yake, bila taarifa, kavaa buti za mvua zilizojaa matope mpaka magotini. Hakuja ofisini kwanza. Alikuwa ameshafika bwenini, ameshaona kufuli, ameshakaa saa nzima na wageni kwenye sakafu. Mlinzi alisema alimwonyesha kitambulisho cha Mnunuzi na kumwambia ama afungue, ama aandike jina lake kwenye karatasi kwamba amekataa. Kufika mchana wafungashaji walikuwa wameshampa jina: Mama Buti.

Alipoingia ofisini alikaa bila kungoja kiti apewe. Meneja akamletea faili la fomu. Akalisukuma pembeni kwa kidole.

"Kuna mtu alipiga simu kutoka ng'ambo," akasema. "Alizungumza dakika arobaini. Alitaja kila mwenzake kwa jina. Mzee, naomba niongee na karani wako."

Meneja akatoka. Kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake ni membamba.

Mama Buti akanitazama. "Mama, mimi sijaja kukagua mitungi ya moto. Nina swali moja kabla ya mengine. Nikirudi nikasema tusinunue tena hapa, nani ataumia kwanza?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema, "Wale wageni. Halafu wafungashaji wetu. Halafu mimi na mume wangu."

"Na Meneja wako?"

"Wa mwisho."

Akatikisa kichwa. "Kwenye banda la jirani tulikata mkataba. Tukaandika kwenye taarifa yetu ya mwaka kwamba tumechukua hatua kali. Niliiandika mimi ile taarifa, kwa lugha nzuri tu. Wale wanawake sijui waliishia wapi. Sitaki kuandika nyingine ya namna ile. Lakini siwezi kurekebisha kitu ambacho kila mtu ananiambia hakipo. Kwa hiyo nisaidie. Zile fomu?"

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunalazimika kuinua sauti. Nilimfikiria Baba Pacha akiwa na spana yake huko chini. Niliwafikiria pacha.

"Nilizichapa mimi," nikasema. "Tarehe nilizirudisha nyuma mimi. Majibu niliwafundisha mimi. Dodoso nililijaza mimi, swali la kumi na tisa nikaandika Hapana, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu."

"Nani alikuagiza?"

"Meneja. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Akaandika yote, taratibu, kwa kalamu. Akanisomea. Nikasaini.

Alhamisi, 27 Machi

Baba Pacha hanisemeshi. Nimemwambia yote kabla hajasikia kwa wengine. Akasema, "Wewe umetumaliza," akachukua koti.

Jumanne, 1 Aprili

Makao makuu ya Mnunuzi wamesimamisha oda zote mpaka waamue. Nilimpigia Mama Buti. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimewaomba wabaki na kurekebisha. Kuna wanaosema ni rahisi zaidi kuondoka na kununua kwingine. Tunabishana. Nakuambia ukweli, mama, sijui nani atashinda."

Alhamisi, 3 Aprili

Leo Baba Pacha amezima chumba cha baridi namba mbili. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kusikia banda likiwa kimya upande ule.

Wafungashaji mia na ishirini wamerudishwa nyumbani. Wamepita dirishani kwangu kurudisha aproni. Mwanamke mmoja jirani yangu, ambaye watoto wetu wamekua pamoja, alinitupia aproni yake usoni. Haikuwa nzito. Nikaikunja.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna maziwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda bwenini bila kutumwa. Kufuli zimetolewa tangu siku ile ya Mama Buti, Wakala alirudisha simu kesho yake, lakini hawatoki. Waende wapi bila pasipoti, na Wakala katoweka na hapokei simu? Pasipoti bado ziko kabatini. Meneja kasema zisiguswe mpaka Mnunuzi aamue, asije akaonekana anaficha ushahidi. Nikawauliza wanataka niwaambie nini wakubwa wa Mnunuzi.

Yule aliyecheka siku ya mafunzo ndiye aliyejibu. "Waambie wasituonee huruma mpaka wakatufukuzisha kazi. Tulilipa kuja hapa, dada. Tuliuza vitu. Waturudishie hizo hela, watupe pasipoti, watuache tufungashe. Ni hayo tu. Mbona si makubwa?"

Nimeyaandika kama alivyosema, nimemtumia Mama Buti bila kurekebisha neno.

Jumatatu, 7 Aprili

Zabibu za shamba la juu zimeanza kuoza. Harufu yake ni kama ya siki, imeingia mpaka kwenye nywele. Natembea korido nzima, narudi. Wenzangu wananipisha kama nina upele.

Jumatano, 9 Aprili

Chai tu. Hakuna habari. Nimempigia Mama Buti mara mbili, hajapokea.

Alhamisi, 10 Aprili

Mnunuzi amebaki.

Mama Buti kaja na wenzake wawili na karatasi ya kurasa nne. Pasipoti zirudi Jumatatu. Hela walizomlipa Wakala zirudishwe zote, nusu alipe Meneja, nusu alipe Mnunuzi, kwa sababu, alisema, bei wanayotupa ndiyo iliyomfanya Meneja atafute watu wa Wakala. Mmoja wa wale wenzake alikohoa aliposikia hivyo. Wakala asikanyage tena hapa. Bweni lisiwe na kufuli la nje. Na watakuja kila mwezi, mwaka mzima, bila kuarifu, wakae na wafanyakazi mahali ambapo sisi hatupo. Oda zinarudi wiki ijayo.

Meneja alisoma kurasa zote nne mara mbili. Kisha akasaini.

Mama Buti na wenzake walipoondoka, Meneja akaniita. Hakukuwa na chungwa mezani.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Nilikwambia, Mzee. Mara nne."

"Nilisikia karani anayeniomba ruhusa ya mtu," akasema. "Sikusikia kingine." Halafu akanitazama. "Na wewe? Ufunguo ulikuwa kwako."

"Ulikuwa kwangu."

Siku zote nilimwona mkubwa kuliko mimi, kwa wema na kwa makosa. Leo tulikuwa kimo kimoja.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeweka meza nje, kwenye jua, mbele ya banda. Nikaita majina thelathini na saba. Kila aliyeitwa alikuja, akafungua pasipoti yake, akaangalia picha yake mwenyewe kwanza. Wote, bila kuacha mmoja. Wengine walicheka jinsi walivyokuwa na mashavu.

Wanane walifungasha mizigo yao wakaondoka kabla ya saa sita. Waliobaki wameingia zamu ya mchana. Wafungashaji wetu nao wamerudi. Jirani yangu kachukua aproni bila kuniangalia.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku kumi sijaandika. Tumbo linauma, halijaacha. Kazi nyingi.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya mwisho ya msimu. Saa nne Mwalimu kafika, kavaa nguo za safari, kuchukua hela yake na mfuko aliouacha bwenini. Nilimlipa mimi mwenyewe, Mama Buti akiwa shahidi. Alizihesabu, akasaini kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Nikaomba nimsindikize stendi. Hakukataa. Mfuko niliubeba mimi. Tulitembea karibu nusu saa, matope yameanza kukauka, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulipofika, basi lilikuwa limeshawasha moto.

"Mwalimu," nikasema, "naomba unisamehe."

Akanitazama kama anayemtafutia mtoto namna ya kueleza hesabu ngumu.

"Mama alikuwa akinipigia kila siku kutoka kitandani," akasema. "Anauliza, umeshapata ruhusa? Namwambia bado, lakini kuna dada mmoja pale ofisini, mtu mzuri, ananishughulikia. Siku ya mwisho aliniuliza, yule dada amefikia wapi?" Akalitazama basi. "Sikusemi vibaya. Nakwambia tu kilichokuwa. Mama yangu amekufa anakutegemea wewe, na hata hakujui."

Konda akaita. Akanipokonya mfuko, si kwa nguvu, akapanda. Alikaa upande wa pili, nisimwone.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Baba Pacha alikuwa uani anasafisha spana zake, redio imewashwa. Nikakaa kwenye ngazi, nikamsimulia yote, neno kwa neno. Alipoona siwezi kumaliza akazima redio, akaja akakaa kando yangu, mikono yake imejaa grisi, akaiweka mbali asinichafue.

"Ukamwambia nini?" akaniuliza.

"Sikumwambia kitu."

Akafikiri.

"Afadhali, Mama Pacha," akasema.